Maikrowevu ya lita 20 na keki ya chokoleti ya kikombe kimoja

Kama unaishi peke yako na usiku roho inataka kitu cha chokoleti cha moto, nunua maikrowevu ndogo ya lita 20, wati 700, yenye vitufe vya kubonyeza. Usichukue ile ya kuzungusha saa yake kwa mkono. Yangu naipa alama nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata nitaieleza huko chini.

Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma pamoja na ofisi. Familia imebaki Dar. Siku za kazi nalala peke yangu hapa mtaa wa Kisasa, narudi kutoka Mtumba ziliko ofisi za serikali jua limeshazama, na jikoni nina jiko la gesi la plati mbili basi. Oveni sina wala sina mpango nayo. Uwashe oveni, usubiri ipate moto, uoke, halafu keki nzima unaibakiza wewe na nani? Inakaa, inakauka, ikifika Alhamisi unawapelekea walinzi. Keki ya kikombe inakupa kile unachoweza kula ukamaliza, na chombo cha kuosha ni kikombe na kijiko.

Niliinunua kwenye duka moja la vifaa vya umeme katikati ya mji, shilingi 180,000 baada ya kuvutana bei. Muuzaji ana maneno matamu, "mama yangu, hii ukiichukua hutarudi hapa kulalamika," ila nilipomwambia aichomeke tuione ikifanya kazi, akaanza kuzunguka: mara boksi likifunguliwa haliuziki tena, mara soketi ya dukani mbovu. Nikashika mkoba wangu niondoke. Soketi ikapona. Nawasihi nanyi msiondoke na boksi lililofungwa. Weka glasi ya maji ndani, washa dakika mbili, angalia maji yametoka ya moto na sahani ya kioo inazunguka bila kugongagonga. Ile glasi ya maji ni lazima, mashine isiwashwe tupu hata kwa majaribio, kwa sababu mawimbi yakikosa cha kupasha yanairudia mashine yenyewe na kuiumiza.

Yangu ilikuja na plagi ya pini mbili za duara na adapta ya bure. Hiyo adapta niliitupa siku ileile. Wati 700 zilizoandikwa ni zile zinazoingia kwenye chakula. Kutoka ukutani mashine inavuta kama 1,100, na adapta za bei rahisi hupata moto mpaka plastiki inanuka. Nikamwita fundi anifungie plagi ya pini tatu, ya ampea 13, yenye waya wa ethi.

Fundi huyo, anayekaa mtaa wa nyuma, ndiye aliyenifundisha kuipima. Ana kipimajoto anachotumia kwenye mafriji. Akaweka lita moja ya maji kwenye bakuli la plastiki, akapima, akawasha dakika moja, akakoroga, akapima tena. Yakapanda nyuzi 10. "Mama, kila nyuzi moja hesabu wati 70. Hii ni 700 ya kweli, hawajakudanganya." Jioni alipopita nikamwomba arudie, maana nilishaona keki za usiku haziivi kama za Jumamosi asubuhi. Safari hii yakapanda nyuzi 8 tu. Akacheka. "Umeme umeshuka, mama. Saa hizi kila nyumba inapika. Mashine haina kosa." Nyuzi 8 ni kama wati 560. Kwa hiyo keki inayoiva asubuhi kwa sekunde 75, saa mbili usiku inadai sekunde 90 na kidogo. Kama umewahi kufuata maelekezo ya mtu neno kwa neno na ukatoa uji, inawezekana mkono wako hauna shida yoyote.

Hapo ndipo vitufe vinapolipa. Jirani yangu mwalimu ana ya kuzungusha, ukubwa uleule, na ni mashine nzuri kwa kupasha wali na maharage. Lakini alama za dakika moja na mbili pale mwanzoni zimebanana, ukilenga sekunde 75 huna hakika kama umepewa 60 au 90. Kuna njia ya kuibembeleza, izungushe kwanza ipite dakika mbili halafu uirudishe nyuma, saa yake inashika vizuri zaidi. Naye hufanya hivyo. Bado hukisia. Kwa keki hii sekunde 15 zikizidi, unatafuna mpira. Mimi nabonyeza 75, naangalia, naongeza 10.

Kikombe nacho kichague. Changu ni cha kauri, kirefu, kinachukua kama mililita 350. Vile vya bati vyenye maua tulivyonywea uji utotoni, hapana, ndani ni chuma. Vile vya seti ya harusi vyenye mstari wa dhahabu ukingoni navyo hapana, maana ule mstari ni madini na utapiga cheche.

Mchanganyiko wangu ni huu. Unga wa ngano vijiko vinne vya chakula, visawazishwe. Sukari vitatu. Kakao viwili. Beking pauda robo kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Vikavu nakoroga kwanza, nikivunja madonge ya kakao kwa mgongo wa kijiko, kwa sababu yakishalowa hayavunjiki. Kisha maziwa vijiko vitano na mafuta viwili, nakoroga mpaka unga mkavu wa chini umekwisha, hapohapo naacha. Ukiendelea kukoroga unga wa ngano unavutika na keki inakuwa ngumu. Mchanganyiko usipite nusu ya kikombe. Yai siweki. Watu wengi huweka yai zima, na kwa unga mchache kiasi hiki yai zima linakaza kila kitu. Ukipenda utajiri wa yai, tumia kiini peke yake.

Mafuta ninayotumia ni ya alizeti, na hapa Dodoma sioni kwa nini mtu anunue mengine. Alizeti inalimwa hapahapa na kwa majirani zetu Singida, mashine za kukamua ziko kila upande, madumu yamepangwa barabarani. Yale ya kukamuliwa tu, yasiyosafishwa sana, yana harufu nzito kidogo inayofanana na karanga. Kwenye chapati siipendi. Kwenye chokoleti inakaa mahali pake kabisa, na ndiyo maana keki zangu zina ladha ambayo siijui kwenye keki za dukani. Siagi inahitaji kuyeyushwa kwanza, na keki yake ikipoa inaganda. Mafuta yanaiacha laini.

Kuhusu kakao nitasema kwa mkazo. Kopo nyingi zilizopangwa madukani kando ya majani ya chai si kakao, ni kinywaji cha chokoleti. Geuza kopo usome viungo: kama neno la kwanza ni sukari, umeshika sukari yenye rangi. Ukiipikia hiyo utapata keki tamu mno, yenye rangi ya matope mepesi, isiyo na ladha ya chokoleti. Kakao ya kweli ukiilamba inachukiza kwa uchungu. Inatoka kwenye mbegu zilizochachushwa, zikakaushwa, zikakaangwa, zikakamuliwa mafuta yake. Ufundi wa kuyakamua ulianzia Uholanzi mwaka 1828, na kinachobaki kikasagwa ndio unga huo. Na sisi tunazo mbegu zenyewe. Kyela kule Mbeya wanalima kakao, Kilombero wanalima kakao, ila nyingi inasafiri nje ikiwa mbegu na kuturudia kwenye makopo. Kwa hiyo kila ninapokutana na unga uliosagwa hapa nchini, kwenye maonyesho au kwa mtu anayetoka Mbeya, nanunua wa kutosha. Ni mwekundumwekundu na una uchachu kidogo. Ule mweusi sana umetiwa alkali kupunguza uchachu. Yote miwili inafaa hapa, kwani beking pauda ina tindikali yake ndani na haitegemei ya kakao.

Katikati nazamisha vipande viwili vya chokoleti ya kawaida, halafu nafunga mlango na kusimama pale. Simama na wewe. Sekunde 30 za kwanza hakuna kitu. Ikikaribia 45 ukingo unaanza kutoa vipovu, katikati pananyanyuka, na keki inapanda mpaka juu ya mdomo wa kikombe ukadhani itamwagika. Haimwagiki kama ulianza na nusu kikombe. Sasa angalia uso wake: unapokuwa umekauka pande zote na katikati pamebaki duara dogo linalong'aa, upana wa sarafu, zima mashine. Ukisubiri duara hilo likauke umechelewa, kwa sababu joto lililomo linaendelea kupika nje ya mashine. Iache dakika moja mezani. Itashuka kidogo, ijitenge na kuta za kikombe, na ukiingiza kijiko ile chokoleti ya katikati inatoka kama mchuzi. Pole na ulimi, hapo katikati ni pa moto kuliko unavyodhani.

Usitegemee ukoko. Maikrowevu inatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, haipulizi hewa ya moto juu yake, hivyo keki haivuki sana joto la maji yanayochemka. Na huku kwetu, mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kukoza rangi kunataka joto kubwa zaidi ya hapo. Keki ya vanila ukiipika hivi inatoka imepauka kama mgonjwa, sishauri. Ya chokoleti ina rangi yake tangu mwanzo, haikosi kitu. Ila iliwe moto. Baada ya robo saa inaanza kukaza, na ya kesho yake haifai.

Umeme wake usikutishe. Kwa bei ninayolipa mimi, shilingi 356 kwa uniti, keki moja inakula kama shilingi 8.

Wanangu walipokuja msimu wa zabibu walitaka kuweka zabibu mbichi juu. Ndani ya unga, zikiwa zimekatwa na kuzamishwa, sawa, ingawa zinatoa maji na kuilowesha keki; zile zilizokaushwa za hapahapa Dodoma ni bora mara nyingi. Nilichokataza ni kuwasha mashine na zabibu mbichi tupu kwenye sahani. Mbili zikigusana zinapiga cheche za moto kweli, kwa vile kila moja inayakusanya mawimbi ndani yake na pale zinapogusana nguvu inajaa mpaka hewa inawaka. Wanafizikia wa Kanada walichapisha maelezo yake mwaka 2019. Katika mji wa zabibu kama huu ni jambo la kuwaambia watoto mapema.

Ile alama niliyoikata ni kengele. Inalia mara tano, kali, haina namna ya kuizima, na nyumba zetu hizi za kupanga ukuta ni mmoja. Saa nne usiku mtaa mzima unajua nimepika. Nafungua mlango sekunde moja kabla haijafika sifuri, ndiyo dawa pekee. Jambo lingine la kuangalia ni kile kibao chepesi cha kahawia upande wa kulia ndani. Unga ukirukia pale na kuachwa, unaungua na kutoboa. Kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu mara tu umalizapo, usikibandue. Na mashine ikigoma, usiifungue mwenyewe hata kama umeichomoa. Ndani kuna kapasita inayotunza umeme wa zaidi ya volti 2,000. Mwite fundi.

Duka lile lilikuwa nayo ya lita 25 kwa nyongeza ya shilingi 70,000. Kwa kikombe kimoja haikupi chochote. Wanangu wakija na treni ya SGR Ijumaa napika kimoja kimoja, kila mtu anangoja zamu yake, kwa sababu vikombe viwili vinagawana wati zilezile na kimoja hutoka kibichi. Kama nyumbani mko wanne kila siku, wekeni akiba mnunue oveni.