Gari-nyumba la kukodi, Minneapolis hadi Yellowstone: naandika zaidi kuhusu kurudi

Kila anayeniuliza kuhusu RV, yaani gari-nyumba, tuliyokodi Agosti kwenda hifadhi ya Yellowstone anataka habari za kwenda: chemchemi za moto, nyati barabarani, watoto walivyofurahi. Vyote hivyo vilikuwepo na tunamshukuru Mungu. Lakini gari nimelijua siku nne za kurudi, nguo safi zimekwisha, maji ya tenki yanahesabiwa kwa kikombe, na mbele kuna karibu maili 1,000 mpaka nyumbani. Ukitaka kukodi, soma haya kwanza.

Tulichukua la futi 25 lililojengwa juu ya Ford E-450, lenye kitanda juu ya kichwa cha gari na kingine nyuma kabisa. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kilosa. Mama alipewa kitanda cha nyuma, na kwa siku zote 12 hakulalamika mgongo hata mara moja. Godoro nalipatia alama zote.

Kabla sijaja Marekani nilikuwa utingo miaka minne kwenye malori ya Dar hadi Tunduma. Kwa hiyo nilipofika milima ya Bighorn, Wyoming, sikuangalia mandhari, niliangalia gia. Kutoka mji wa Cody tulizunguka kwa Worland na Ten Sleep tukashika njia namba 16, maana ile namba 14 ya kaskazini ina miteremko mikali zaidi kwa gari zito. Kilele cha namba 16 ni Powder River Pass, futi 9,666. Anayejua kushuka mlima wa Kitonga kule Iringa anajua kwamba ukitegemea breki ya mguu peke yake, utazinusa kabla hujafika Ruaha Mbuyuni. Hili gari lina kitufe mwishoni mwa mkono wa gia. Ukikibonyeza, ukigusa breki kidogo gia inashuka yenyewe na injini inalishika gari. Tulishuka hadi mji wa Buffalo taratibu, magari madogo yakitupita, na tulipofika chini nikaweka kiganja karibu na rimu: joto la kawaida tu. Wakati wa kukabidhiwa gari hakuna aliyenionyesha kitufe hicho. Nilikiona mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuendesha gari zito asingekiona, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Friji ndiyo iliyotuharibia siku. Inatumia moto wa gesi mkiwa njiani, na upepo wa Wyoming si wa mchezo. Kati ya Buffalo na Gillette nilishika usukani kwa mikono miwili muda wote. Upepo ulizima moto wa friji nasi hatukujua. Jioni Gillette mke wangu akafungua, maziwa yameganda, nyama imebadilika harufu. Mama alisikitika sana kwa ile nyama, kwa sababu alikuwa ameshaikatia vitunguu. Tulikula wali na maharage yaliyobaki. Nilipiga simu ya msaada, dada mmoja akapokea upesi na kunielekeza vizuri: simamisha gari pahali palipo sawa kabisa, zima, subiri, washa tena. Friji za aina hii hazifanyi kazi vizuri gari likiwa limeinama. Ikawaka. Ila maelezo hayo yalipaswa kuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Tangu hapo kila nilipojaza mafuta nilitazama taa ya friji kabla sijatazama pampu.

Kwenye barabara kuu ya Interstate 90, jimbo la South Dakota, mwendo unaoruhusiwa unafika maili 80 kwa saa. Usijaribu na gari hili. Mimi nilikaa kwenye 62, na hata hivyo lilikula galoni moja kwa kila maili tisa hivi. Utapita mabango mengi ya duka la Wall Drug, yale yanayokuahidi maji ya barafu ya bure tangu miaka ya 1930. Simameni. Maji ni ya bure kweli, kahawa ni senti tano, maandazi yao ya mviringo ni ya moto, na kuna nafasi ya kuegesha gari refu bila kuhangaika kurudi nyuma. Baada ya hapo mnabadilisha majira ya saa na kupoteza saa nzima, kwa hiyo msipange kufika mbali.

Sisi tulipanga kulala Chamberlain, penye mto Missouri, na huo ulikuwa uamuzi bora wa safari nzima. Kwenye kituo cha mapumziko juu ya kilima, pembeni ya barabara kuu, kuna sanamu ya mwanamke wa Kihindi Mwekundu wa makabila ya Lakota na Dakota, futi 50, ya chuma cha pua. Aliitengeneza Dale Lamphere na ilisimamishwa mwaka 2016, inaitwa Dignity. Amelishika blanketi la nyota nyuma ya mabega, mikono ameikunjua, na vipande vya buluu vya blanketi lile vinachezacheza upepo ukivuma. Tulifika jua likiwa linazama. Mama alishuka kwa shida, akasimama chini yake kimya muda mrefu, kisha akasema, "Huyu anajitanda khanga." Akaifungua yake, akaishika nyuma ya mabega vilevile. Mke wangu akapiga picha. Nilimweleza kwamba watu wa Lakota humpa mtu blanketi la nyota wanapotaka kumheshimu, akaitikia, "Si ndiyo nakwambia."

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Watoto wakakimbia kwenye nyasi, mimi nikanyoosha miguu, hakuna aliyetaka kurudi garini. Kituo kile ni cha serikali, hulipi chochote, vyoo ni safi. Kama mngeniuliza nini katika safari hii kilistahili nyota tano bila kupunguza, ningetaja kilima kile.

Usiku wa mwisho tulilala karibu na Mankato ili asubuhi zibaki maili 80 tu, kwa sababu gari linatakiwa kabla ya saa tano. Nawasihi mfanye hivyo. Kumwaga matenki asubuhi ya kurudisha, mkiwa na haraka, ni kujitafutia aibu. Tenki la choo linamwagwa kwanza, halafu la maji ya kuoshea vyombo, ili haya ya pili yasafishe mpira wa kumwagia. Vaa glavu, hakikisha mpira umekaza, fungua valvu polepole. Wetu ulikuwa na tundu dogo karibu na kiungio, nikalifunga kwa mfuko wa nailoni na utepe wa gundi. Wenye gari walipoonyeshwa walibadilisha mpira papo hapo, hawakunitoza.

Hesabu: tulilipia maili 2,000, tukatembea 2,380. Zile 380 kwa senti 45 ni dola 171. Jenereta saa sita, dola 24. Amana yote iliyobaki ilirudi baada ya siku nane. Kijana aliyepokea gari alikuwa na adabu, alimshika mama mkono kushuka ngazi na kumwita "bibi" baada ya kuwasikia wanangu. Kwa gari natoa nne kati ya tano, kwa makabidhiano ya mwanzo natoa mbili. Nitakodi tena hapohapo mwakani, na safari hii nitamwomba atakayenikabidhi anionyeshe kila kitufe kimoja kimoja kabla sijaweka sahihi.