Ovaprim kwa kambare wazazi, baada ya misimu mitatu

Nazalisha vifaranga vya kambare nje kidogo ya mji wa Morogoro. Siku hizi namdunga jike Ovaprim, dawa ya homoni inayomfanya atage. Zamani nilitumia pituitari: kwa kila jike niliyetaka atage, nachinja kambare mwingine wa uzito uleule, napasua fuvu, natoa kitezi kile kilicho chini ya ubongo, nakisaga na maji ya chumvi, nadunga. Ilikubali, ila kila mara samaki mzima anakwenda, na sikuwahi kujua nimedunga homoni kiasi gani.

Mfuga sato hana shida hii, sato anazaa hata usipotaka. Kambare anajaza mayai tumboni, kisha anangoja maji ya mvua yapande. Bwawani hayapandi, basi mayai yanabaki humo humo. Kinachomzuia kiko kichwani. Dopamini, kemikali ya ubongo, inashika vipokezi vyake (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) kwenye pituitari na kuizuia isiachie LH, homoni inayokomaza mayai. Ovaprim ina dawa mbili. Domperidoni inavikalia vipokezi hivyo vya dopamini, kizuizi kinaondoka. Ya pili imeundwa kwa mfano wa homoni ya ubongo wa samoni. Inashika vipokezi vingine vya pituitari, LH inamwagika. LH inaingia kwenye damu hadi kwenye ovari, nako inakuta vipokezi vyake, mayai yanakomaa na kuachia. Samoni na kambare hawana undugu wa karibu, lakini vipokezi vya kambare vinaipokea homoni hiyo vizuri kabisa. Njia hii ya dawa mbili ni kazi ya Richard Peter wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na Lin Haoran wa China, ndiyo maana inaitwa Linpe. Nawashukuru wote wawili.

Kipimo ni mililita 0.5 kwa kilo, kwa hiyo chupa ya mililita 10 inatosha majike 20 wa kilo moja moja. Jike wangu wa mwisho alikuwa na kilo 1.6. Nilimdunga mililita 0.8 kwenye nyama ya mgongo saa 2:30 usiku, maji yakiwa nyuzi 27. Saa 1 asubuhi nilimgusa tumbo tu, mayai yakashuka yenyewe. Nilipima gramu 190, na gramu moja ni kama mayai 600 hadi 700.

Msimu wa kwanza niliharibu dozi nne na kuilaumu dawa. Kosa lilikuwa langu: niliwachagua kwa ukubwa wa tumbo, kumbe tumbo lilijaa chakula. Ovari ambayo haijaiva haiwezi kuiitikia LH, hata umdunge chupa nzima. Siku hizi nawanyima chakula siku moja, kisha nabonyeza tumbo taratibu. Mayai machache yakitoka, yamelingana, namdunga. Yasipotoka namrudisha bwawani.

Angalia pia unaponunua. Chupa moja niliichukua duka lililoipanga dirishani juani, na majike watatu walioiva vizuri hawakutoa kitu. Haihitaji barafu, lakini isizidi nyuzi 25, na iwe gizani.

Kwa majike naipa nyota tano. Dume bado namchinja, maana kambare dume hakamuliki. Lazima umtoe korodani uzikate, umwagie mayai mbegu zake, ndipo uweke maji. Hilo bado linaniuma kila msimu.