Alpe Adria, kipande cha Tarvisio hadi Resiutta: hapa magari huyasikii

Njia ya baiskeli ya Alpe Adria, kutoka Salzburg, Austria, hadi Grado kwenye pwani ya Italia, ina kilomita 410 hivi. Kipande kitamu kuliko vyote ni hiki cha Italia, kinachoshuka bonde la mto Fella. Sehemu kubwa inapita kwenye tuta la reli ya zamani, ndiyo maana mteremko ni wa upole. Hata mtoto anaumudu. Anzia Tarvisio, usipande kutoka chini.

Mahandaki ndiyo raha, na ndiyo mtihani. Taa zimo, lakini beba zako, ya mbele na ya nyuma. Vua miwani ya jua kabla hujaingia, maana macho huchelewa kuzoea giza. Ndani kuna baridi na unyevu hata Julai, kwa hiyo jaketi likae juu ya begi. Tairi zenye upana wa milimita 32 zinatosha.

Pumzika Chiusaforte, ambako stesheni ya zamani imekuwa mgahawa. Baada ya Resiutta, kuelekea Venzone, kuna sehemu unachangia barabara na magari. Wenye watoto waishie Resiutta. Treni za kurudi hubeba baiskeli, ila nafasi ni chache, hasa wikendi za kiangazi.