Bomba la grisi la mkono kwa propela za Land Cruiser: uzoefu wangu

Ni bomba la mkono lenye wenzo, linabeba katriji ya gramu 400, na lina mpira mfupi unaopinda. Nalitumia Arusha kutia grisi propela, ile mihimili mirefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, za Land Cruiser za watalii, zile zinazoacha lami geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na kuendelea kwa vumbi mpaka Serengeti. Presha yake haina mjadala. Kasoro iko mdomoni.

Mdomo unaouzwa nalo ni wa kusukumia tu. Chini ya gari, ambako mkono unapita kwa shida, mdomo huo unacheza juu ya nipeli, ile chuchu ndogo ya chuma ya kuingizia grisi, na grisi inavujia pembeni. Fundi anahesabu mapigo ya wenzo, kumbe krosi, kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha ya propela, haijapata kitu. Nunueni mdomo wa kubana wenye kishikio: unakamata nipeli, mikono yote miwili inabaki kwenye bomba. Kama nipeli imeziba, mdomo huo huganda kwa presha. Usiuvute kwa nguvu, uinamishe upande kidogo presha itoke.

Gari hizi zina propela mbili, na kila moja ina krosi mbili na sehemu ya meno inayoteleza ili propela irefuke na kufupika. Jumla nipeli sita. Ukimwachia mtu gari, muulize amepiga nipeli ngapi. Nipeli ikiwa imetazama juu, sogeza gari kidogo ishuke, kisha vuta hendibreki na uweke mawe kwenye matairi kabla ya kuingia uvunguni. Futa nipeli kwa kitambaa kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani ya beringi.

Kwenye krosi, idadi ya mapigo haina maana. Piga polepole mpaka grisi mpya itokeze kwenye sili za vikombe vyote vinne, kimoja kila ncha ya krosi, chenye beringi ya sindano ndani. Ikitoka vitatu, kile cha nne ndicho kitakachokufa: sindano zake zinakauka, zinachimba mhimili wa krosi, na unga mwekundu wa kutu unaonekana pembeni ya kikombe. Sogeza tena gari kidogo propela izunguke, lizuie kama mwanzo, tikisa propela, piga tena. Kikombe kikikataa kabisa, badilisha krosi. Ukisubiri, utasikia mlio wa "kwi-kwi" gari likitambaa, kisha mgongano ukitoka rivasi kwenda mbele, kisha mtetemo.

Meno ni kinyume chake. Mapigo mawili au matatu, na ukiona propela inaanza kujisukuma kurefuka, acha hapo hapo. Ukijaza, grisi inakosa pa kwenda. Gari likidumbukia shimoni propela haifupiki, na kishindo kinaishia kwenye beringi za transfa kesi, inayogawa nguvu mbele na nyuma, na za difu, gia za kwenye ekseli. Wengi huharibu hapa wakidhani wanaitendea gari wema.

Grisi: lithiamu ya NLGI (kipimo cha ugumu wa grisi) namba 2 kwa krosi, na yenye molibdenamu kwa meno. Rangi isikudanganye, nyekundu ya kampuni moja si lazima ipatane na nyekundu ya nyingine. Aina zisizopatana zikichanganyika hulainika na kuvuja. Ukibadilisha aina, piga mpaka ya zamani yote itoke.

Mimi hupiga kila kilomita 5,000, na gari likivuka maji au likioshwa kwa mashine ya presha, siku hiyo hiyo. Presha ya maji hupenya sili zilizochoka. Krosi nyingine za madukani hazina nipeli kabisa. Hizo bomba hili halizisaidii, na kwa barabara zetu sizipendi.

Ukiweka katriji mpya, wenzo utapiga hewa tu. Legeza kichwa cha bomba mzunguko mmoja hivi, achia fimbo ya nyuma isukume, piga mpaka grisi itokeze kwenye nyuzi, kaza. Ukimaliza kazi vuta fimbo nyuma na uifunge, maana springi ikibaki inakandamiza, mafuta hujitenga na grisi na kuchuruzika rafuni.