Mhadhara wa wazi au hafla ya kujuana?

Mwanafunzi wa historia ya sanaa mwenye nafasi ya jioni moja tu, aende wapi? Mimi husema mhadharani, hasa akiwa mwaka wa kwanza au wa pili. Pale mtaalamu huweka picha mbili ubavu kwa ubavu, mbinu iliyoenezwa na mwanahistoria wa sanaa Heinrich Wölfflin, na jicho lako hujifunza kutazama. Tena huenda ukasikia hoja kabla haijachapishwa: mihadhara aliyoitoa Ernst Gombrich, naye mwanahistoria wa sanaa, mjini Washington mwaka 1956 ilitoka kama kitabu mwaka 1960. Usiondoke kabla ya maswali. Hapo ndipo hoja hupimwa.

Hafla ya kujuana haikufundishi kutazama. Inakukutanisha na wasimamizi wa maonyesho, wahifadhi wa makumbusho na wauzaji wa sanaa, watu ambao kazi zao hazielezwi sana darasani. Anayekaribia kuhitimu aende huko, ila asiende bila swali.

Mwenye haya aanzie mhadharani. Kumfuata mzungumzaji na swali moja kuhusu picha aliyoionyesha ni rahisi kuliko kujitambulisha kwa mtu msiyejuana.