Mnyoo Mla Akili: Maoni Yangu Kuhusu Dungeon Crawl Stone Soup

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikicheza Dungeon Crawl Stone Soup, mchezo wa kompyuta, katika toleo la zamani nililonakiliwa kwenye flashi na kijana wa saibari moja hapa Lubumbashi. Ningeweza kujaza kurasa kwa habari za miungu yake, mapango yake na silaha zake. Hata hivyo, kila ninapoulizwa kama mchezo huu unafaa, jibu langu huanzia kwa kiumbe mmoja ambaye wachezaji wengi humpita wakiwa na haraka: mnyoo mla akili.

Kwa asiyeufahamu, mchezo wenyewe una asili ndefu. Linley Henzell aliutoa mchezo wa kwanza, Dungeon Crawl, mwaka 1997, na tangu mwaka 2006 watu wa kujitolea wamekuwa wakiuendeleza kwa jina hili la supu ya mawe, lililotokana na hadithi ya Ulaya ya msafiri aliyechemsha jiwe hadi wanakijiji wakaanza kumletea, mmoja karoti, mwingine nyama. Unashuka shimoni ngazi baada ya ngazi ili ulitwae Tufe la Zot na kupanda nalo hadi juu. Ramani hutungwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, unaanza na mtu mwingine. Haulipiwi. Kijana wa saibari alinitoza pesa ya kunakili, jambo ambalo silalamikii sana, ingawa aliniapia kwamba anauza mchezo wenyewe.

Kwa maisha yetu ya Lubumbashi umekaa vizuri. Hauhitaji intaneti, kwa hiyo humalizi mega zako, na kompyuta yangu ya mtumba, ambayo hupumua kama mgonjwa wa pumu ikifungua video, huuendesha bila shida kwa kuwa kila kitu kwenye skrini ni herufi na alama. Mchezo huenda kwa zamu: usipobonyeza kitufe, hakuna kinachosogea, hata ukienda kula bukari na kurudi. Siku za delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu, betri ya saa moja na nusu hunitosha, nami hufunga nikiwa nimehifadhi safari yangu.

Basi katika ulimwengu huo wa herufi, mnyoo huonekana kama w. Minyoo mingine pia huonyeshwa kwa herufi hiyo, na hapo ndipo mtego unapoanzia, kwa sababu mchezaji aliyekwisha kuua minyoo ya kawaida humwendea huyu kwa dharau ileile. Huyu haji kukuuma, wala silaha yake haihitaji kukugusa. Anachohitaji ni kukuona tu. Akiwa upande wa pili wa ukumbi, unapata ujumbe wa Kiingereza unaosema kwamba kitu fulani kinajaribu kula akili yako. Si kila jaribio hufaulu. Lakini likifaulu, ujumbe hubadilika kidogo, neno la kujaribu linaondoka, na namba ya akili yako inashuka kwa moja, mbili au tatu. Namba ya uhai, ambayo ndiyo macho ya kila mchezaji yalipozoea kutua, haitikisiki hata kidogo.

Mdogo wangu alijifunza hayo kwa gharama. Yeye hupenda mtu mwenye kichwa cha fahali, mfuasi wa Trog, mungu anayechukia uchawi na anayewapa wafuasi wake hasira ya kupigana. Mtu wa namna hiyo huanza safari akiwa na nguvu nyingi na akili ya tarakimu moja, kwa kuwa shoka halihitaji kusoma. Jioni moja alikutana na w kwenye ukumbi mpana, akaanza kumrushia mikuki kutoka mbali, akijiona mjanja kwamba hamsogelei. Ujumbe ukaja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa kuwa Kiingereza chake ni kidogo, na kwa kuwa uhai wake ulikuwa umejaa kabisa, aliendelea kurusha. Ghafla skrini ikamtangazia kwamba amekufa, akaniita: «Yaya, njoo uone, nimekufa na nini? Sijaguswa!» Nikamsomea maneno ya mwisho: mtu wake alisahau kupumua.

Katika matoleo ya mwanzo ndivyo ilivyokuwa. Akili ikifika sifuri, mtu alikufa, na mchezo uliandika sababu hiyo bila kucheka. Mama, aliyekuwa akichambua vinkubala, wale viwavi tunaowala, pembeni yetu, aliuliza ni mnyoo wa wapi huyo anayekula watu badala ya watu kumla. Sikuwa na jibu zuri.

Ninachokisifu hasa ni uchaguzi wa mhanga. Ungedhani mla akili angekuwa adui wa mchawi, kwa kuwa ndiye mwenye akili ya kuliwa. Lakini elfi mchawi huanza na akili inayozidi 20. Akipokonywa tano, uchawi wake hudhoofika, anakasirika, na bado yuko mbali na sifuri. Anayekaribia kaburi ni yule jitu la misuli aliyekuwa akiwacheka wachawi tangu ngazi ya kwanza. Deraya nzito haimsaidii, ngao haimsaidii, kofia ya chuma ni mapambo. Nimecheza michezo mingi ambamo adui hatari ni yule mkubwa zaidi ya wote, na sijakumbuka mwingine aliyeniuliza swali kuhusu kitu nilichokuwa sikitazami.

NetHack, mchezo wa jamii hiyohiyo uliotoka mwaka 1987, nao una mla ubongo wake, ila huyo si mnyoo bali ana minyiri usoni kama ya pweza, na ni lazima akufikie ndipo aitumie. Huko kofia huzuia mapigo yake mengi, na ukifanikiwa kumuua unaweza kumla, na akili yako ikaongezeka. (Hilo Mama angelielewa.) Naona wa NetHack anatisha zaidi kwa sababu hukusahaulisha pia ramani uliyokwisha kuitembea, lakini una la kumfanya kabla hajafika. Mnyoo wa Crawl hakupi nafasi hiyo ya kuvaa na kungoja.

Anaweza kushindwa, tena kwa urahisi ukijua. Kosa la mdogo wangu lilikuwa umbali. Mnyoo hali asichokiona, basi rudi nyuma ya kona, mwache aje hadi atokeze hatua moja mbele yako, kisha mpige mfululizo, maana mwili wake si imara. Akikukuta mahali pa wazi pasipo na kona, mkimbilie umpige, au shuka ngazi. Usisimame katikati ukihesabu mishale. Pete ya kudumisha uwezo humpunguzia chakula, na dawa ya kurudisha uwezo huponya alichokwisha kula.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapokaa. Katika ngazi za juu chupa hazijulikani majina, kwa hiyo yule anayehitaji dawa zaidi huwa ameibeba mfukoni bila kujua, au ameshainywa siku iliyopita kwa kujaribu. Kitufe cha kutembea chenyewe, ambacho vinginevyo ni zawadi kubwa kwa vidole, hukuingiza kwenye ukumbi wa wazi bila kukuuliza, na mnyoo anakuwa amekuona wakati uleule ulipomwona. Tena ule ujumbe unaosema «kitu fulani» haumtaji mnyoo, hata akiwa peke yake chumbani pamoja nawe. Kwa msomaji wa Kiingereza hilo ni kutishana kwa ustadi. Kwa kijana wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliyesoma kwa Kifaransa, ni ukuta.

Kwa hiyo nimebandika karatasi pembeni ya skrini, nimeandika kwa Kiswahili jumbe kumi ambazo hazipaswi kupitwa, na zile mbili za mnyoo ziko juu kabisa kwa wino mwekundu. Mdogo wangu amerudi shimoni na mwenye kichwa cha fahali mwingine wa aina ileile, hataki kusikia habari za elfi. Jana umeme ulirudi saa mbili usiku, nikamsikia akisema peke yake, polepole, «kona, kona, rudi kwenye kona,» na kidole chake kikiwa hewani juu ya kitufe.