Hifadhi ya kompyuta ya viwandani: ipi ya kwanza, ipi ya kukwepa

Matangazo ya kompyuta ndogo za viwandani hutanguliza GB na kasi ya kusoma. Kwa mashine itakayofungwa ndani ya kabati la umeme na kuachwa huko miaka saba, hayo ni mambo ya pembeni. Hifadhi ya mashine kama hii ni nadra kufa kwa kujaa. Huuawa na kuandikwa mfululizo, joto, na umeme unaokatika katikati ya kuandika.

Mwaka 2021 Tesla iliita yarudi kutengenezwa takriban magari 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani kwa sababu chipu ya eMMC (hifadhi iliyofungwa kwenye ubao wenyewe) ya GB 8 kwenye kompyuta ya skrini ilikuwa inachakaa. Seli zake, yaani vyumba vidogo vinavyoshika data, zilivumilia kufutwa na kuandikwa kama mara 3,000. Piga hesabu mwenyewe: GB 8 mara 3,000 ni GB 24,000. Lakini maandishi madogo madogo hukilazimu kidhibiti, sehemu ya chipu inayosimamia uandishi, kuandika zaidi ya ulichokitumia. Tuseme mara kumi. Zimebaki GB 2,400. Programu yako ikiandika GB 5 kwa siku, chipu imekwisha kwa siku 480. Chukua GB 32 ya aina hiyo hiyo, unapata miaka mitano na ushei. Hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kununua GB nyingi kuliko unazohitaji.

Kwa watu wengi naweka namba moja mchanganyiko: eMMC kwa mfumo endeshi, kadi ya SD ya viwandani kwa data. eMMC haina viunganishi vya kulegea kwa mtikisiko, na kuanzia toleo la 5.0 hutoa makadirio ya uchakavu wake kwa hatua za asilimia kumi, kwa hiyo unaona mwisho ukija. Ubaya wake ni mmoja, nao ni mzito: imelehemiwa. Ikifa, ubao mzima umekwenda nayo. Basi mfumo endeshi uufunge kwa kusoma tu, na vipimo vinavyoandikwa kila sekunde viende kwenye kadi, ambayo fundi anaichomoa na kuweka nyingine.

Kadi yenyewe ichague kwa aina ya seli. SLC huhifadhi biti moja kwa seli na huvumilia mizunguko ya kufuta na kuandika kati ya 50,000 na 100,000, ila bei yake ni ya kuumiza. TLC, yenye biti tatu, huishia kati ya 1,000 na 3,000. Katikati kuna pSLC: seli za TLC zinazotumiwa kwa biti moja tu. Unapoteza theluthi mbili za nafasi, unapata mizunguko makumi ya maelfu. Mimi ningechukua pSLC ya GB 16 kabla ya kadi ya kawaida ya GB 128, bila kusita.

Namba mbili ni SSD ya M.2 (hifadhi ya chipu kwenye kibao chembamba kinachochomekwa) yenye kapasita, vihifadhi umeme vidogo, za kulinda data umeme ukikatika. Ukirekodi video au kuendesha hifadhidata kubwa, hii inapanda hadi namba moja. Hakikisha tu kama tundu lako ni la SATA au NVMe, njia mbili tofauti za kusafirisha data; umbo linafanana, na si kila tundu hukubali zote mbili.

CompactFlash na CFast, kadi za kuchomeka, ni namba tatu, kwa wenye mashine za zamani tu. Zina karibu ukubwa uleule lakini haziingiliani: ya kwanza hutumia njia ya zamani ya IDE, ya pili SATA. Ukitumia CompactFlash, ingiza kadi taratibu, pini za tundu hupinda.

MicroSD ya dukani, ile ya simu na kamera, ni ya nne. Inafaa kwa majaribio mezani. Tatizo haliishii kwenye uvumilivu: mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu za ndani huku jina la kadi likibaki lilelile, ukajikuta uliyoipima siyo uliyoletewa. Wauzaji wa kadi za viwandani kwa kawaida hukutaarifu kabla ya kubadilisha.

Flashi ya USB ni ya mwisho. Beba nayo masasisho, kisha ichomoe.

RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukizimwa, huingia humu kwa mlango wa nyuma. Linux isiyo na skrini hutosheka na GB 1, lakini ukiwa na GB 2 au 4 unaweza kuweka logi (kumbukumbu za matukio) na faili za muda ndani ya RAM, ukazima swapu (nafasi ya hifadhi inayotumika RAM ikijaa), na hifadhi ikapumzika. Mara nyingi nayo imelehemiwa, kwa hiyo amua siku ya kununua.

Kwenye karatasi ya vipimo tafuta nyuzi -40 hadi 85 kwa kabati linalopigwa na jua. 0 hadi 70 ni ya ndani ya jengo. Data unayoijali iwe kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux. FAT32, mfumo mwingine wa faili, haina jarida, yaani orodha ya mabadiliko ya kurekebisha kilichokatika njiani.

Ukihitaji kadi hamsini, nunua kwanza tatu. Ziandike usiku kucha huku ukikata umeme ovyo, kisha kagua faili. Muuzaji asiyetaka kukuuzia tatu za majaribio, mpite.